Ubongo Mchanga Ukijeruhiwa: Hupona, au Huahirisha Ulemavu?

Hoja iliyo mezani ni hii: mnyama anayejeruhiwa ubongo angali mchanga huurudisha uwezo wake wa kutembea, kushika na kulenga vyema kuliko anayejeruhiwa akiwa mkubwa. Wengi huikubali bila kuihoji. Hapa imekabidhiwa wasemaji wanne. Mwalimu wa baiolojia wa chuo kikuu anaitetea. Daktari wa watoto, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, anaipinga. Mtaalamu wa viungo ni mama ambaye kazi yake ya kila siku ni kuwafanyisha watoto mazoezi. Wa nne ni Wakili anayetetea haki za wanyama. Mwenyekiti anagawa zamu.

MWENYEKITI: Mwalimu, uwanja ni wako.

MWALIMU: Ahsante, Ndugu Mwenyekiti. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na maabara zimewaunga mkono. Mwaka 1936 Margaret Kennard, aliyekuwa akifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, alichapisha matokeo ya upasuaji aliowafanyia tumbili. Aliwaondolea sehemu ya gamba la ubongo inayoamuru misuli. Tumbili wakubwa waliishiwa nguvu upande wa mwili ulioathirika, na walipoanza kusimama na kushika tena, walifanya hivyo kwa upungufu. Wachanga, waliopasuliwa wakiwa na umri wa wiki chache tu, waliendelea kutambaa na kujishikilia kana kwamba halikuwapata jambo kubwa.

Miongo kadhaa baadaye, Jaime Villablanca na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walikwenda mbali zaidi: waliwaondolea paka nusu nzima ya ubongo. Paka waliopasuliwa wakiwa vitoto walikuja kutembea na kutumia miguu yao vizuri kuliko waliopasuliwa wakiwa wakubwa.

Sababu yake inaeleweka. Mnyama huzaliwa na miunganisho ya neva mingi kuliko atakayobaki nayo. Mwanzoni kila nusu ya ubongo hupeleka nyuzi katika pande zote mbili za uti wa mgongo. Kadiri anavyokua, nyuzi zinazoshukia upande ule ule hupungua, na zile zinazovuka kwenda upande wa pili hutawala. Nusu moja ikijeruhiwa kabla ya upunguzaji huo kumalizika, nusu iliyosalimika hubaki na nyuzi ambazo zingeondolewa, ikaweza kuendesha pande zote mbili. Mkubwa hana akiba hiyo.

MWENYEKITI: Daktari.

DAKTARI: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Haya, nipinge.

DAKTARI: Uliyotusimulia ni nusu ya kwanza ya kazi ya Kennard. Yeye hakuishia kuwatazama tumbili wake siku zile za upasuaji, bali aliwafuatilia wakikua. Baadhi ya wale wachanga walioonekana wazima walianza kukakamaa viungo, na ustadi wa mikono uliposubiriwa, haukuja kama ulivyotarajiwa. Aliyaandika hayo mwenyewe, akaonya kwamba umri ni sababu mojawapo tu, pamoja na ukubwa wa jeraha na kama limegusa upande mmoja wa ubongo au pande zote mbili. Kile kinachoitwa leo kanuni ya Kennard, kwamba ni heri kuumia mapema, wengine ndio waliokipa jina lake baadaye.

Sasa tujiulize kwa nini walionekana wazima. Tumbili wa wiki chache hajaanza kutumia vidole kuchomoa karanga kwenye tundu. Hushikilia manyoya ya mama yake, hunyonya, hutambaa. Kazi hizo hazilitegemei sana lile gamba lililoondolewa, kwa hiyo likiondolewa hapana kinachokatika siku hiyo. Upungufu wa kazi ambayo haijaanza hauonekani. Mwalimu anakiita kimya hicho kupona, mimi nakiita deni ambalo siku yake ya kulipwa haijafika.

Nampa na ushahidi wa pili. Mwaka 1976 Lawrence na Hopkins walichapisha habari za tumbili wachanga waliokatwa zile njia za neva zinazotoka kwenye gamba la ubongo na kushuka moja kwa moja hadi uti wa mgongo. Walikua, wakakimbia, wakapanda. Lakini uwezo wa kusogeza kidole kimoja kimoja peke yake, ule unaomwezesha tumbili kuokota punje ndogo kwa kidole gumba na cha shahada, haukutokea kamwe. Uchanga wao haukuwapatia njia nyingine ya kufanya kazi hiyo.

MWALIMU: Mwenyekiti, nilisema "vyema kuliko", sikusema "kikamilifu". Daktari anabomoa nyumba ambayo sikuijenga. Vidole ni kilele cha ustadi, na nakubali kwamba kilele hicho kina njia moja tu. Lakini mwili haufanyi kazi za vidole peke yake. Wape wanyama wawili jeraha lile lile, mmoja akiwa mchanga na mwingine akiwa mkubwa, kisha wapime kwa kutembea, kupanda, kusimama baada ya kuanguka. Paka wa Los Angeles hawajibiwi kwa vidole vya tumbili.

DAKTARI: Basi tuwaache tumbili na paka, twende kwa panya. Bryan Kolb wa Chuo Kikuu cha Lethbridge, mkoa wa Alberta nchini Kanada, pamoja na wenzake, walitumia miaka mingi kuuliza swali moja: je, siku ya jeraha ina uzito gani? Walijeruhi gamba la ubongo la panya kwa namna inayofanana, wakabadilisha umri tu. Mojawapo ya mitihani yao ilikuwa kumweka panya nyuma ya kizuizi chenye ufa mwembamba, apenyeze mguu wa mbele, akamate punje ya chakula na kuileta mdomoni. Ni kazi ndogo kuitazama, lakini huumbua ubongo wenye kasoro.

Panya waliojeruhiwa katika siku tano za kwanza baada ya kuzaliwa walikua wakiwa na hali mbaya sana, mara nyingi mbaya kuliko waliojeruhiwa wakiwa wakubwa. Waliojeruhiwa kati ya siku ya 7 na ya 12 hivi walipona kwa kiwango cha kushangaza. Mwalimu, kama uchanga ndio unaoponya, yule wa siku ya kwanza angempita yule wa siku ya kumi. Imekuwa kinyume chake. Methali yako ni ya kweli, ila ina upande wa pili: samaki akikunjwa vibaya angali mbichi, hukaukia hivyo hivyo.

MWALIMU: Hapo umenigusa. Ila eleza sababu, usituache na tarehe tu.

DAKTARI: Panya huzaliwa akiwa hajakomaa. Siku zake za kwanza duniani zinalingana takriban na miezi ya mwisho ya mimba ya binadamu. Wakati huo chembe za neva za gamba la ubongo bado zinasafiri kwenda mahali pake, na jeraha huvuruga ujenzi wenyewe. Kufikia wiki ya pili safari imekwisha, na kila chembe inachipua matawi na kutafuta mawasiliano kwa kasi kubwa. Jeraha likiangukia hapo, chembe za jirani ziko katika hali ya kujiunga na lolote lililo karibu. Kwa hiyo neno "mchanga" halitoshi. Kuna uchanga unaojenga na uchanga unaobomoka, na baina yao ni siku chache tu.

MWENYEKITI: Mama, umekuwa ukitikisa kichwa tangu mwanzo.

MTAALAMU: Nawasikiliza wote wawili, Mwenyekiti, na wote wanazungumza kalenda. Mnyama alikuwa na siku ngapi, wiki ngapi. Hakuna aliyeuliza swali ambalo mimi huuliza kila asubuhi: baada ya jeraha, kiungo kile kilifanya kazi gani?

Kolb huyo huyo, pamoja na Robbin Gibb, waliwachukua panya wachanga waliojeruhiwa, wakawa wanawasugua mwilini kwa brashi laini, dakika 15 kila mara, mara tatu kwa siku, kwa muda wa wiki mbili hivi. Hawakupewa dawa wala hawakupasuliwa tena. Walipokua, wale waliosuguliwa walikamata punje zao vizuri kuliko wenzao wenye jeraha la namna ile ile ambao hawakuguswa. Umri wa kujeruhiwa ulikuwa mmoja, na hatima zikatofautiana.

Lakini ushahidi ninaouegemea zaidi ni wa paka wa John Martin na kundi lake huko New York. Hawakukata ubongo. Waliulaza kwa dawa upande mmoja wa gamba linaloamuru misuli, kati ya wiki ya 5 na ya 7 ya maisha ya paka, kisha wakaiondoa dawa. Ubongo ulikuwa mzima, ulikuwa umenyamazishwa tu. Hata hivyo paka wale walikua na kasoro ya kudumu katika kulenga hatua zao. Kwa nini? Kwa sababu wakati upande mmoja umelala, nyuzi zake kwenye uti wa mgongo zilinyang'anywa nafasi na nyuzi za upande uliokuwa macho. Dawa ilipokwisha, nafasi zilikuwa zimechukuliwa.

Mwalimu ametusifia ile akiba ya nyuzi za upande ule ule kama zawadi. Mimi nasema ni mashindano. Upande wenye nguvu haubaki na nyuzi zake kwa huruma ya kumsaidia mwenzake. Unazitanua, na katika kuzitanua unaweza kuusukuma nje upande ulioumia ambao bado ulikuwa na kitu cha kutoa. Janet Eyre na wenzake wa Newcastle, Uingereza, waliona jambo linalofanana na hilo kwa watoto wa binadamu waliopata kiharusi upande mmoja wa ubongo karibu na kuzaliwa. Waliwapima kwa sumaku inayowekwa juu ya kichwa bila kuumiza. Upande mzima ulizidi kujitandaza katika miaka miwili ya kwanza, na nyuzi za upande ulioumia zilizokuwa zikifanya kazi mwanzoni zikadhoofika au kupotea kwa baadhi yao.

MWALIMU: Kwa hiyo unasema akiba ndiyo inayomdhuru?

MTAALAMU: Nasema inategemea nani anaitumia. Sikiliza sehemu ya pili ya paka wa Martin, iliyochapishwa mwaka 2012. Waliwagawa paka waliokuwa wamenyamazishwa ubongo upande mmoja. Kundi moja lilifungwa ule mguu wa mbele uliokuwa mzima na likafanyishwa mazoezi ya kufikia kitu kwa mguu dhaifu, kuanzia wiki ya 8. Kundi jingine lilifungwa mguu mzima bila kupewa mazoezi. Kundi la tatu lilipata mazoezi kwa kuchelewa, kuanzia wiki ya 20. Ustadi wa kulenga ulirudi kwa lile kundi la kwanza. Kufunga pekee hakukutosha, na mazoezi yaliyochelewa hayakuurudisha ustadi huo. Paka wote walipatwa na dhara moja katika umri mmoja. Kilichowatenganisha ni kazi iliyofanywa na mguu dhaifu wakati mashindano yalikuwa bado hayajaamuliwa.

MWENYEKITI: Wakili, umenyamaza mno kwa mtu wa taaluma yako.

WAKILI: Nilikuwa nahesabu, Mwenyekiti. Nahesabu tumbili, paka na panya waliopita hapa mezani, na hakuna hata mmoja aliyeugua kwanza ndipo akaletwa kwa daktari. Wote walijeruhiwa kwa makusudi, tena wengi wao wakiwa wachanga. Mnauliza nani alipona vyema. Mimi nauliza nani aliwaruhusu.

Mama amesifu dawa ya kufunga kiungo kizima. Asili yake inajulikana. Edward Taub alikuwa akikata neva za hisia za mikono ya tumbili, akaona kwamba mkono usiohisi huachwa bila kutumika, na kwamba mnyama akizuiwa mkono mzima huanza kuutumia ule mwingine. Mwaka 1981, katika maabara yake huko Silver Spring, jimbo la Maryland, polisi waliwachukua tumbili 17 baada ya mwanaharakati aliyejiunga na maabara kwa siri kutoa taarifa za hali waliyokuwa wakiishi. Taub alitiwa hatiani kwa ukatili, kisha mwaka 1983 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu ile kwa hoja kwamba sheria ya jimbo haikuhusu maabara inayopewa fedha na serikali kuu. Kesi ile ilichangia kubadilishwa kwa sheria ya ustawi wa wanyama ya Marekani mwaka 1985. Haya ni sehemu ya historia ya tiba hii, kama wiki ya 8 ya paka ilivyo sehemu yake.

DAKTARI: Sikatai, Wakili. Lakini tiba yenyewe ilijaribiwa kwa watu waliopata kiharusi, 222 katika utafiti mmoja uliotangazwa mwaka 2006, na ikawafaa. Bila tumbili wale tungeijuaje?

WAKILI: Huenda msingeijua mapema hivyo, nakubali. Sasa nipe na wewe kitu. Mnyama hajawahi kuwa hakikisho la binadamu, na binadamu wa hospitali moja si hakikisho la binadamu wa hospitali nyingine. Katika miaka ya 1990 vijusi vya kondoo na vitoto vya nguruwe vilivyokosa hewa vilipozwa, na ubongo wao ukanusurika kwa sehemu. Hospitali za nchi tajiri zikaanza kuwapoza watoto wachanga wanaozaliwa wakiwa wamekosa hewa, na wakafaidika. Kisha ukafanyika utafiti India, Sri Lanka na Bangladesh kwa watoto 408, matokeo yakatangazwa mwaka 2021. Katika waliopozwa walikufa asilimia 42, na katika wasiopozwa asilimia 31. Kondoo hakuwa amedanganya. Mazingira, chanzo cha jeraha na hali ya mtoto vilikuwa tofauti. Kwa hiyo mtu anayesimama Afrika Mashariki na kusema "paka wa New York walipona, basi na wetu watapona" aongee polepole.

MTAALAMU: Hapo niko nawe, na ndiyo maana sitasema hivyo. Nitasema kilichofanywa kwa watoto wenyewe. Ann-Christin Eliasson na wenzake wa Uswidi waliwachukua watoto walioonyesha dalili za udhaifu wa upande mmoja kabla hawajatimiza mwaka. Mkono mzima ulivikwa glovu laini, na mzazi, nyumbani kwake, akamchezesha mtoto kwa vitu vinavyouita ule mkono dhaifu, nusu saa kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa vipindi viwili vya wiki sita. Waliolinganishwa nao walikuwa wanakandwa mwili. Watoto wa glovu waliutumia mkono dhaifu vizuri zaidi. Angalia gharama: glovu, vitu vya kuchezea, mtu wa kuelekeza, na mzazi.

MWENYEKITI: Tuiteremshe basi hoja hadi huku kwetu. Kule Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria mtindio wa ubongo kwa takriban watoto 3 katika kila 1000, na wapo walioupata baada ya kuugua malaria kali, wakiwa wamekwisha kuzaliwa wazima. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo akija, kila mmoja wenu atamwambia nini?

MWALIMU: Ningemwambia ubongo wa mwanawe bado unajenga, asikate tamaa.

DAKTARI: Na neno hilo ndilo linaloniogopesha, Mwalimu, ingawa ni la kweli. Likipita midomo miwili mitatu, linakuwa "atakua, itaisha". Mama anaambiwa hivyo na jirani, na mkwe, wakati mwingine na mhudumu wa zahanati. Mtoto aliyekosa hewa alipozaliwa anaruhusiwa kwenda nyumbani, ananyonya, anatabasamu, na kila mtu anashukuru. Miezi inapita. Ndicho kimya kile kile cha tumbili wa Kennard. Mkono unapoanza kuonekana umekunja ngumi, au mguu umekakamaa, ndipo analetwa. Kwa mujibu wa paka wa Martin, huyo amefika wiki ya 20.

Ningempa mama alama ya kuangalia. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hatakiwi kuwa na mkono anaoupendelea. Kuutumia mmoja tu si dalili kwamba atakuwa wa mkono wa kushoto kama babu yake. Ni sababu ya kumleta wiki hiyo hiyo. Na aliyezaliwa kwa shida, au aliyepata manjano kali, homa ya uti wa mgongo au degedege la malaria, asisubiri alama yoyote. Achunguzwe tangu mwanzo, kwa kuwa wataalamu waliofunzwa wanaweza kuutambua mtindio wa ubongo kabla ya miezi sita.

MTAALAMU: Nami ningemwonyesha jinsi ya kumchezesha, siku hiyo hiyo, kabla ya majibu ya vipimo vyovyote. Tukikuta baadaye mtoto ni mzima, amecheza na mama yake, hakuna hasara. Tukingoja mpaka tuwe na uhakika, tumeuachia upande mzima nafasi ya ule ulioumia kwenye uti wa mgongo. Ila simwahidi vidole. Lawrence na Hopkins wamenifunga mdomo hapo. Namwahidi kwamba mkono utakaofanya kazi mapema una nafasi bora ya kuwa mkono wa kusaidia: kushika sahani wakati mwenzake unakula, kushikilia kitenge wakati mwenzake unafunga.

MWENYEKITI: Nimesikia. Hoja inauliza umri wa kujeruhiwa, na ushahidi mliouleta unaonyesha kwamba umri, peke yake, hautabiri. Lazima tujue ni hatua gani ya ujenzi, ni njia gani ya neva, na kiungo kilifanyishwa nini katika majuma yaliyofuata. Nawapa hoja nyingine mpige kura: kwamba jeraha la mapema lichukuliwe kuwa dharura ya mazoezi hata pale linapoonekana halijaleta dhara lolote.

MWALIMU: Naafiki. Kesho wanafunzi wangu wataanza na panya wa Lethbridge, siku ya kwanza na siku ya kumi kwenye ubao mmoja.

DAKTARI: Naafiki.

MTAALAMU: Naafiki, na naomba neno "dharura" lisilainishwe.

WAKILI: Hoja yenyewe naiafiki. Nitakayoipinga ni ile itakayofuata, kwa kuwa naijua: kesho mtu ataomba fedha akafunge paka wengine miguu ili kuthibitisha tena kwamba kuwahi ni bora kuliko kuchelewa. Hilo limekwisha kujulikana. Kilichobaki ni mtu wa kumfikia mama wa Mayuge na glovu, amwelekeze, arudi tena wiki ijayo kumtazama. Kwa kazi hiyo hahitajiki paka hata mmoja.